Mashine ya Nyasi ya Mzee Karisa

Kadzo alinipigia simu asubuhi moja mwaka huu, nami niko dukani kwangu Malindi, mikono imejaa grisi, pampu ya maji ya mteja iko wazi mezani. "Dada Zuhura," akasema, "baba ametuacha." Baba yake alikuwa Mzee Karisa. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu na habari yenyewe haikuwa ya kushangaza, lakini niliweka spana chini nikakaa juu ya kreti la soda, nisijue la kufanya na mikono yangu. Kesho yake nilikwenda kwao Ganze kuzika. Nilikalishwa na wanawake nyuma ya nyumba, tukachagua mchele kwenye sinia kubwa huku wengine wakikoroga sima katika sufuria kubwa za kutosha kumwogeshea mtoto. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami aliliangalia buibui langu, akaniangalia usoni, kisha akaniuliza kwa upole, "Wewe nawe, mwanangu, u nani wake?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi. "Kazi gani?" akauliza. "Kukata nyasi," nikasema. Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, nami nikacheka nao, na katikati ya kicheko kile ndipo machozi yaliponitoka, maana nilijua jibu langu lilikuwa la kweli na halikutosha.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifika Kilifi kwa shangazi yangu Esha na begi moja, eda yangu imekwisha, ndoa yangu ya Mambrui imevunjika. Shangazi alikuwa mpishi wa kantini ya wafanyakazi wa hoteli ile, na alipewa chumba nyuma ya jiko lake, vikitenganishwa na ukuta mmoja. Kilikuwa chumba chenye kitanda kimoja, mkeka mmoja, na dirisha dogo lililotazama kamba za kuanikia nguo. Asubuhi kilinukia chai ya tangawizi, mchana vitunguu, jioni samaki. Na kwa kuwa ule ukuta haukufika juu kabisa, kila lililosemwa jikoni liliingia chumbani pamoja na moshi. Nilikuwa nimelala mkekani siku zile za mwanzo nikiwasikia wanawake wa jiko wakinijadili huku wanakuna nazi. "Hakuzaa, ndiyo sababu," mmoja anasema. "Miaka miwili tu, wangemngoja." "Si uzazi, ni mama mkwe. Watu wa nyumba ile nawajua." "Mimi nasema ni kiburi. Amesoma sana huyu." Kila mmoja alikuwa na sababu yake moja, ameishika kama mwiko, na shangazi yangu akiwa katikati yao hakusema lolote, nilisikia tu kisu chake kikigonga ubao. Sikujua kama ukimya ule ulikuwa wa kunitetea au wa kukubaliana nao. Nilikuwa natamani mmoja wao aje aniulize mimi, wala sijui ningemjibu nini.

Nilipata kibarua cha dobi. Kazi yangu ilikuwa kuanika mashuka, na kamba zangu zilipakana na uwanja mkubwa wa nyasi uliotoka vyumba vya wageni hadi kwenye minazi ya ufukweni. Uwanja ule ndio uliokuwa fahari ya hoteli. Wageni walipiga picha pale, maharusi walikodishiwa, na meneja alikuwa akiutazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama ndevu zake kwenye kioo. Ulikatwa kwa mashine ya kupanda, yenye kiti na usukani na visu chini ya tumbo, ambayo wafanyakazi waliiita trekta ingawa ilikuwa ndogo kama meza. Dereva wake alikuwa Mzee Karisa. Wakati ule alikuwa na umri kama wa hamsini, mrefu, mkavu, kofia ya kitambaa kichwani, na kabla ya hoteli alikuwa ameendesha matrekta ya kweli kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Kila siku nilimwamkia. "Shikamoo, Mzee Karisa." Siku nyingine aliitika marahaba, siku nyingine alinipita kana kwamba nilikuwa shuka moja kati ya mashuka. Nikaamua moyoni kwamba ni mtu wa maringo.

Mvua za masika zilipoanza, nyasi zikawa zinakua ukizitazama, na mashine nayo ikaanza kuugua. Mimi niliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu kazi ya kuanika inashughulisha mikono na kuacha masikio bila kazi. Ilikuwa ikianza vizuri, inanguruma sawasawa. Kisha nikiwa katikati ya mashuka, sauti inaanza kuyumba: inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Halafu inakohoa mara kadhaa, inazima. Mzee Karisa anashuka, anafungua boneti, anaitazama, anaweka kiganja juu ya injini kama anayempima mtoto homa. Baada ya kupumzika inawaka tena, na baada ya muda inazima tena. Kilichonishangaza ni kwamba yeye aliendelea kuendesha wakati wote ule wa kuyumba kana kwamba hakuna kitu, mpaka mashine ife kabisa chini yake ndipo anaposhtuka.

Kantini nzima ilikuwa na maoni. Nilikuwa nikila chakula changu cha mchana kwenye benchi ya nyuma, sima na mchicha wa nazi na kipande cha papa siku ya bahati, na kwenye meza za mbele mashine ilifunguliwa na kufungwa kwa maneno. Askari wa lango alisema ni plagi. Mhudumu mmoja wa baa alisema ni chumvi ya bahari, hapa kila chuma kinaliwa. Lakini mtu wa stoo alipunguza sauti akasema, "Nyinyi hamjui. Mzee anauza petroli, anajaza mafuta ya taa. Injini gani itakubali?" Mzee Karisa alikuwa amesimama si mbali naye, sahani mkononi, akila wima kama ilivyokuwa kawaida yake, uso umeelekea nje. Hakugeuka. Mimi nilitahayari kwa niaba yake. Nilidhani amesikia na amemeza.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Lakini hoteli ilikuwa imefunga nusu ya vyumba kwa msimu wa mvua, watu walikuwa wakipunguzwa, na mwenye hoteli alikuwa anauliza kwa nini nyasi zinafika magotini. Akaletwa fundi kutoka Malindi, kijana hodari kwa kazi yake. Alifungua kabureta akaisafisha, akabadilisha plagi, akaiwasha. Ikanguruma vizuri mno. Aliisikiliza kwa muda wa kuvuta sigara moja, akapanda pikipiki yake akaenda. Jioni ileile mashine ilizima katikati ya uwanja, na meneja akamwita Mzee Karisa pale karibu na kamba zangu. "Fundi anasema mashine ni nzima," akasema. "Kama mashine ni nzima na wewe ukiipanda inazima, mimi nielewe nini?" Mzee Karisa alimwangalia mdomoni. Kisha akasema, "Nipe muda, bwana." Meneja akasema kuna harusi kubwa mwezi unaofuata, na asipoona uwanja umekatwa, mashine itauzwa na dereva ataenda nyumbani.

Mimi sikuwa na sababu ya kujiingiza. Lakini nilikuwa nimechoka kusikia mtu akihukumiwa kwa kitu ambacho sauti yake niliijua. Nilimfuata kwenye banda la mashine, nikasimama mlangoni nyuma yake, nikasema, "Mzee Karisa, haizimi ghafla. Inaanza kuyumba kwanza." Hakuitika. Nikarudia. Hakuitika. Nikakasirika, nikataka kurudi zangu, na mguu wangu ukagonga debe. Nadhani aliona kivuli, maana ndipo alipogeuka, akashtuka, akanitazama mdomo. Nikasema kwa mara ya tatu.

"Inayumba?" akauliza. "Inayumba vipi?"

"Inapanda, inashuka. Kisha inakohoa. Mbona wewe uko juu yake na unaendelea tu?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na ndani ya banda palinuka petroli na nyasi zilizooza. Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Mwanangu," akasema, "lile sikio la kushoto lilikufa zamani. Hili la kulia linamfuata mwenzake. Ni matrekta yale. Mashine naijua kwa makalio na kwa mikono, mtetemeko wake. Sauti ndogondogo sizipati tena." Kisha akaongeza: "Watu nawasikia nikiwaona midomo. Ukinipa mgongo, umeninyima."

Basi salamu zangu zote zile alizozipita! Na maneno ya kantini, alipokuwa amesimama akitazama nje na sahani yake, hayakuwa yamemfikia hata moja. Aliniomba nisiseme kwa mtu. Nikaahidi. Kesho yake wanawake wa jiko walikuwa tayari wananong'ona kwamba mzee wa Kigiriama anamkodolea macho msichana wa Mambrui, anamtazama mdomo mpaka aibu, na mimi nilipowasikia kupitia ule ukuta sikuweza kujitetea wala kumtetea bila kumwaga siri. Shangazi aliingia chumbani usiku ule akaketi kitandani. "Zuhura, nisikilize. Yule mzee ana neno na wewe?" Nikamwambia, "Ana neno na mashine, shangazi. Mimi ninamsikilizia." Hakuuliza tena, na sikujua amenielewa nini.

Tukafanya mpango. Yeye ataendesha, mimi nitakuwa kwenye kamba zangu, na sauti ikianza kuyumba nitaanika taulo jekundu mwisho wa kamba. Akiliona, asimame papo hapo, aifungue kabla haijafa yenyewe, aone imeharibikia wapi. Mzee Karisa alikuwa na sharti moja: kitu kimoja kwa wakati mmoja. "Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona," alisema, "hujui kilichoponya. Ikiugua tena unaanza upya kama mjinga." Siku ya kwanza alilitoa chujio la hewa, akalipiga kwenye jiwe, likamwaga vumbi la mchanga na nyasi kama unga wa kinu. Alilisafisha, plagi ikaacha kuwa nyeusi, na mashine ikapata nguvu zaidi. Tukafurahi. Siku ya pili ikazima. Akatoa petroli iliyokuwa kwenye bakuli la kabureta akaimimina katika chupa ya kioo, tukainyanyua kwenye mwanga wa mlango, na chini kabisa yakaonekana matone mazito yamejikusanya kama mayai ya samaki. Maji. Tulifuata maji yale nyuma mpaka kwenye mtungi wa petroli, uliokaa stoo bila kizibo chini ya bati linalovuja. Hakukuwa na mafuta ya taa wala mwizi. Kulikuwa na paa bovu na kizibo kilichopotea. Alimwaga petroli ile, akakausha tangi, akajaza mpya. Kukohoa kwa hovyohovyo kukaisha, mashine ikalainika, hata mimi kwenye kamba nikaanza kuimba. Halafu, katikati ya mashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Nikaanika taulo jekundu huku machozi ya hasira yananilenga.

"Ina zaidi ya ugonjwa mmoja," alisema Mzee Karisa tulipokaa chini ya upenu wa banda. Hakuonekana kukata tamaa. "Kila aliyekuja alikuta mmoja, akadhani ndio huo tu, akaenda zake." Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, na nimeyatumia kwa pampu, kwa jenereta, na kwa mambo mengine ambayo hayana plagi. Siku ile nilisikia tu kwamba bado kuna kazi. Yeye alishuku joto, kwa kuwa ikipumzika inapona. Mimi sikujua injini kupumzika ni nini, lakini nilijua kwamba sauti ile ya mwisho haikuwa ya kitu kilichochoka. Ilikuwa ya kitu kinachovuta na hakipati.

Jibu lilitoka jikoni. Shangazi alikuwa amepokea debe la mafuta ya kupikia, na msichana mgeni wa jiko alikuwa ametoboa tundu moja kwa msumari kwenye kona, anaminya, mafuta yanatoka kwa kigugumizi: yanatiririka kidogo, yanasita, yanagugumia, yanakoma. Shangazi akamnyang'anya msumari. "Tundu moja halimimini, mwanangu. Moja la kutokea, moja la kuingizia hewa." Akagonga la pili upande wa pili, na mafuta yakashuka kama uzi, bila kelele. Nilikuwa nimeshika kikombe changu cha sturungi, chai isiyo na maziwa. Nilikiweka mezani nikatoka mbio, leso inanianguka mabegani, na wanawake wakanitazama kama aliyepandwa na pepo.

"Tangi linaingizia hewa wapi?" nilimuuliza Mzee Karisa, nikihakikisha ananiona mdomo.

Akakifungua kile kifuniko cha tangi, akakigeuza. Katikati yake kulikuwa na kitundu chembamba kama cha sindano, na ndani yake, umekauka kama saruji, udongo wa nyigu. Nyigu wale wanaojenga vijumba vya udongo kwenye kila pembe ya pwani hii, kwenye soketi za umeme, kwenye mifereji ya madirisha, mmoja wao alikuwa ameona pale ni pazuri. Lakini Mzee Karisa hakukizibua. Nilidhani amechanganyikiwa. "Kwanza tuone," akasema. "Kimoja kimoja." Akakifunga kifuniko vilevile, akaendesha mpaka nikaanika taulo. Alipolegeza kifuniko, mimi niliyekuwa nimekimbia mpaka pale nilisikia hewa ikiingia, *fyuuu*, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Injini ikakohoa mara moja, ikajinyoosha, ikanguruma. Nikampigia makofi mbele ya macho yake ili ayaone. Ndipo alipotwaa waya mwembamba akazibua kile kitundu, polepole, akikipuliza, akakitazama kwenye jua. Jioni ile aliukata uwanja wote bila kusimama, na mashuka yangu yalikauka kwenye kamba nikiwa nimekaa tu namsikiliza.

Ningependa kisa kiishie pale. Hakikuishia. Siku ya kutayarisha harusi uwanja ulijaa watu: wenye turubai, wenye viti, wenye taa. Mzee Karisa alikuwa anamalizia upande wa minazi. Fundi wa umeme alikuwa amevuta waya mrefu kupitia kwenye nyasi ambazo hazijakatwa, na waya ule ulikuwa na moto wa umeme. Mimi niliuona kutoka kwenye kamba, na nikaona mashine inauendea. Nilipiga kelele. Wenye viti wakapiga kelele. Uwanja mzima ulipiga kelele, na Mzee Karisa akaendelea mbele, uso umetulia, kofia imeinama. Nilikimbia nikamkata mbele, mikono juu, hata nikaona macho yake yakitanuka chini ya kofia. Alizima. Visu vilisimama hatua chache kutoka kwenye waya. Alishuka, akachutama, akautazama ule waya kwenye nyasi. Meneja alikuwa amefika nyuma yake anahema. "Karisa! Huoni watu wanakuita?" Kimya. "Karisa, nasema na wewe." Mgongo wa Mzee Karisa haukutikisika. Alikuwa anaupangusa waya majani kwa kidole, taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani. Meneja akasema mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya chini, nami nikaona usoni mwake kwamba ameshaelewa. Watu wote walikuwa wameelewa. Mtu wa stoo alitazama viatu vyake.

Tuliitwa wote wawili ofisini, mimi kwa sababu meneja alitaka kujua nimejua tangu lini. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, na chai aliyoletewa ilikuwa inapoa. "Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Mzee Karisa, na nikaona anazungumza wazi, uso kwa uso.

"Ningekuambia, ungenipa kazi?"

Meneja alifikiri. "Nisingekupa," akasema. Namheshimu mpaka leo kwa kusema kweli ile. "Na leo siwezi kukurudisha juu ya visu vile. Wageni wana watoto."

"Usinirudishe," alisema Mzee Karisa. "Bwana, una haki. Leo ningekufa, au ningeua. Lakini mashine hii sasa naijua tumbo lake lote. Niache niitunze ikiwa imezimwa. Na kuendesha, mpe huyu. Anaisikia."

Meneja alinitazama, na leso yangu, na ndara zangu, akacheka kwa mshangao. Alisema ataleta dereva mwingine. Dereva alikuja baada ya harusi, akafanya kazi siku chache, akapata kazi Mombasa akaondoka. Nyasi hazikungoja. Asubuhi moja meneja alipita kwenye kamba zangu akasema, bila kusimama, "Haya, mpaka nipate mtu." Hakumpata mtu, au aliacha kumtafuta.

Nilijifunza kwa woga. Mzee Karisa alitembea kando yangu, kiganja juu ya bodi ya mashine, nami namwambia ninachosikia. Tukawa na lugha yetu. Inanung'unika, maana yake nyasi ni mbichi mno, inua visu. Inapiga chafya, tazama petroli. Inavuta pumzi, tazama kifuniko. Aliniuliza habari za sauti kama mtu anayeuliza habari za kwao, na siku nyingine nilipomwambia inaimba sawasawa alitabasamu akaweka sikio lake la kulia kwenye chuma, kwa muda mrefu, sijui akipata nini. Alikaa na mashine ile miaka kadhaa, mpaka hoteli ilipouzwa, akarudi Ganze kwenye mikorosho yake, na kila nilipofungua injini nisiyoielewa nilipanda gari nikamfuata.

Lakini mwisho wa mwaka ule ulikuwa chumbani kwa shangazi. Habari zilifika Mambrui kwamba binti yao anaonekana Bofa juu ya trekta, mbele ya wazungu, na ami yangu Athmani akatumwa. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu imenyooka, akaketi kwenye kiti pekee. Shangazi alimwandalia mahamri na mbaazi. Ami alikula, akasifu, akanawa. Kisha akasema aliyekuwa mume wangu yuko tayari kunioa upya. Amekubali kosa lilikuwa la mama yake. Watu wazima wamekaa wamelitazama jambo, wamegundua palipoharibika, na sasa patatengenezwa. Lililotakiwa ni mimi kuacha kazi ile na kurudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nyuma ya ukuta, jiko zima lilikuwa limenyamaza. Hata nazi hazikukunwa.

"Ami," nikasema, "mmekaa, mmelitazama. Mimi hamkuniuliza."

"Si ndiyo nimekuja kukuuliza?"

"Umekuja kuniambia. Ungeuliza, ningekwambia kulikuwa na mengi, si moja. Mengine yalikuwa yake, mengine yangu, mengine ya nyumba ile tu, hata hakuna wa kulaumiwa. Mkiondoa moja, yaliyobaki yatanizima tena. Sirudi, ami. Unisamehe."

Ami aligeuka akamtazama shangazi, kama mtu anayemwita mkubwa mwenziwe aje amsaidie na mtoto. Nami nilimtazama, kwa kuwa mwaka mzima sikuwa nimejua ukimya wake ni wa upande gani. Shangazi alikuwa anakusanya sahani. Alizipanga moja juu ya nyingine, akapangusa makombo ya mahamri kwa kiganja. "Athmani," akasema, "mtoto ana kazi kesho. Maliza chai yako."

Ami alimaliza chai, akaaga kwa heshima, na shangazi akamsindikiza mpaka langoni. Aliporudi alifunga mlango, akafungua sanduku lake la nguo chini ya kitanda, akanitupia kitu kilichokunjwa. Kilikuwa suruali. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa mkono, kwa siri, kwa kitambaa kigumu cha mapazia ya hoteli yaliyochakaa, miguu mipana, kiuno cha kamba.

"Usipande tena lile dude na leso," akasema, amenipa mgongo, anachutama kulirudisha sanduku mahali pake. "Litakukamata."

Iliniwia pana. Niliikunja kiunoni mara mbili, nikaifunga kamba, nikavaa buibui juu yake, na asubuhi nikaenda kazini.